Mlango wa Mejumaa na Simu za Maana

Kuna watu wakishanunua simu ya bei ya kiwanja, huona wamenunua na heshima humo humo, wakafungiwa kwenye boksi moja. Mejumaa Chonga aliwajua hao kuliko mtu yeyote mjini, maana kazi yake ilikuwa kuwapokonya simu zao.

Na msicheke, ni kazi kweli. Mombasa harusi ya wanawake haina mchezo. Siku ya kupamba, bibi harusi hukaa jukwaani kichwa wazi, hina imempanda mpaka viwikoni, na wageni wake huvua mabuibui wakabaki na magauni, mabega nje, nywele zimesukwa zikasukika. Hapo watu hucheza mpaka miguu ikakataa. Mwanamume haingii. Na kwa kuwa siku hizi mwanamume hana haja ya kuingia mwenyewe, picha yamtosha, basi simu pia haiingii. Mlangoni huwekwa mtu wa kuzipokea, na katika kumbi nyingi za Makadara na Mji wa Kale mtu huyo alikuwa Mejumaa.

Alikuwa Mdigo wa Matuga, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, mwenye chumba chake Kibokoni na ulimi wake mdomoni. Alishona vifuko kwa leso kuukuu, kila kimoja na namba yake. Ukija, watia simu yako kifukoni mbele ya macho yake, wafunga mwenyewe, wapewa kibao chenye namba ile ile, unaingia. Hakuwa na kifuko cha tajiri na kifuko cha maskini. “Mimi sipokei bei,” alikuwa akisema, “napokea simu.”

Wanawake wakisubiri zamu zao walikuwa na maneno, we! Mmoja atasema, “Taratibu, Mejumaa, hiyo yaona gizani kushinda paka.” Wa nyuma yake atamjibu, “Na chaji je? Yangu mimi ya bei ya kati, yalala siku mbili haijalia. Nyinyi wa laki na nusu kila mkiingia nyumba ya watu mwatafuta soketi kama mtoto atafutaye ziwa.” Watu wangecheka, mwenye simu kubwa angenuna, kisha angeapa kwamba mtu akishazoea kamera ile hawezi kurudi nyuma. “Kwani yapika?” angeulizwa. “Yafua?” Mejumaa mwenyewe simu yake ilikuwa hizo za kati, na hakuionea haya hata siku moja. Kalama, fundi wa simu pale Makadara, alishamwambia kwamba zikianguka zote hupasuka kioo, tofauti ni machozi tu. Mejumaa alipenda kulirudia neno hilo mlangoni, tena kwa sauti.

Basi ikaja harusi ya Arafa, binti wa Bi Swafiya.

Bi Swafiya ni watu wakubwa, wenye nyumba ya ghorofa Mji wa Kale na jamaa kila pembe, na alikuwa anamwoza mwanawe kwa watu wakubwa zaidi. Jioni ile baada ya Magharibi, wageni wa upande wa bwana harusi wakaingia kwa vishindo na udi, mbele yao wifi mtu, Khultumu, na wenzake wawili. Khultumu alipofika kwenye meza ya Mejumaa akakiangalia kile kifuko cha leso kama aliyepewa kitambaa cha kupangusia meza.

“Simu hii sitii humo,” akasema.

“Salaam aleikum, mwanangu,” Mejumaa akamjibu. “Harusi njema. Simu zote zatiwa humu.”

“Simu zote si hii. Wajua bei yake? Hizo nyingine ukizitia kwenye beseni hazina hasara. Hii ikikwaruzwa utanilipa wewe?”

“Sitaikwaruza. Na kama waionea uchungu hivyo, ungeiacha nyumbani ikapumzika.”

Wanawake waliosimama nyuma wakaguna kwa kicheko. Khultumu akapandisha nyusi, wala hakutoa simu. Hapo ndipo Bi Swafiya akatokea ndani mbiombio, gauni lake la dhahabu limekamatwa kwa mikono miwili, akamvuta Mejumaa pembeni.

“Wanifanya nini wewe? Huyu ni wifi ya mwanangu!”

“Bibi, si wewe mwenyewe uliyesema hata mama yako mzazi akija na simu nimpokonye?”

“Nilisema simu. Sikusema simu za maana. Wenye simu kama hizo ni watu na heshima zao, hawana njaa ya picha za watu. Wenye njaa ni hawa wengine, na simu zao takataka zisizopiga hata jua likaonekana. Shika hizo. Hawa watatu wapishe.”

Mejumaa akasimama pale, kifuko mkononi. Alitamani kumwambia kwamba mlango wenye tundu si mlango. Lakini harusi ni ya mwenyewe, na mwenye nguvu mpishe. Akawapisha. Khultumu akapita akiipungapunga simu yake hewani ili wote waione, nao wote wakaiona, na wale waliobaki kwenye mstari wakatia simu zao kwenye vifuko kimya kimya kama watu waliotukanwa. Na walikuwa wametukanwa.

Katika waliokwisha kutoa simu mapema, wa kwanza kabisa alikuwa Ndinda. Huyu alikuwa Mkamba, mama wa watu, siku za wiki akifanya usafi katika ofisi za bandarini, na mwisho wa wiki akiandamana na wapishi kupakua pilau na kuosha masufuria. Simu yake ya bei ya kati, imevishwa kava jekundu, ndiyo aliyoongelea na bintiye anayesoma Machakos. Hakungoja kuambiwa. Alipofika tu alisema, “Dada Mejumaa, shika yangu kabla sijashika sufuria,” akaifunga mwenyewe kifukoni. Aliichukua vyombo vilipokwisha kuoshwa, akaaga, akaenda zake.

Siku ya tatu picha ikatoka.

Arafa jukwaani, kichwa wazi, na nyuma yake wanawake wenye waume zao na heshima zao, mabega nje. Ilianzia kwenye kundi moja la watsapu, na kabla ya adhuhuri ilikuwa imezunguka kisiwa kizima, ikavuka bahari ikafika mpaka Muskati kwa ami zake bwana harusi. Bwana harusi akanuna. Mamake bwana harusi akasema maneno. Arafa, masikini, akajifungia chumbani, akaapa hataitazama picha yenyewe abadani, maana alitosheka kwa kusimuliwa tu.

Mejumaa naye hakuitazama. Alitumiwa na watu wanne, akaifuta mara nne. Mlinzi wa mlango anayetazama yaliyo ndani, alisema, ni mwizi aliyepewa mshahara.

Alasiri Bi Swafiya akamwita. Hakumkaribisha juu. Walisimama kwenye ngazi, Bi Swafiya akisema chini chini.

“Kesho nitawaita watu waje wasikie. Wewe utasema ni yule Mkamba, mwosha vyombo. Aliingia na simu ameificha kiunoni, hukumwona. Yaishe.”

“Ndinda?” Mejumaa akauliza. “Ndinda nilikuwa na simu yake mimi.”

“Nani ajuaye hilo ila wewe? Mejumaa, sikiza. Hawa watu wa bara sitara hawaijui, atajipatia kazi kwingine. Wewe ukisema hivyo, harusi zote za kwetu kabla ya Ramadhani mlango ni wako. Usiposema, watu watauliza mlango ulikuwa na nani. Na ulikuwa nawe.”

Jamani! Mejumaa alishuka ngazi zile bila hata kuaga. Alijua alichoambiwa. Miezi ile ndiyo ya harusi, na mlango ndio uliokuwa ukimlisha. Mlinzi aliyevujisha picha ya bibi harusi hakuna atakayemwita tena, hata kwenye harusi ya maskini wenzake. Na hakuwa amevujisha kitu. Alikuwa ameamrishwa kufungua, akafungua, sasa aliyemwamrisha anamuuliza kwa nini mlango ulikuwa wazi!

Alipofika chumbani simu ikalia. Ndinda.

“Dada, wapishi wamenisimamisha. Wanasema wamesikia ni mimi niliyepiga picha. Wewe si ulikuwa nayo simu yangu?”

“Nilikuwa nayo.”

“Basi waambie,” Ndinda akasema, kwa sauti ya mtu anayedhani kusema kweli ni jambo jepesi.

Kesho yake sebule ya Bi Swafiya ilijaa mpaka mlangoni. Kahawa ilipita, na haluwa, kama kwamba watu wamekuja kwa heri. Arafa alitolewa chumbani akakalishwa karibu na mamake, macho yamevimba. Khultumu alikaa dirishani, simu yake mapajani kioo juu, na katika wanawake wote wale, baada ya yote yaliyotokea, hakuna hata mmoja aliyemwambia aitie mkobani.

“Mejumaa,” Bi Swafiya akaanza, kwa sauti ya upole ya kusikiwa na wengi, “sema mbele ya hawa. Usiogope. Ni yule mwosha vyombo, siyo?”

“Siyo,” Mejumaa akasema.

Kahawa ikasimama vinywani.

“Ndinda alinipa simu yake kabla hajafunua sufuria, akaichukua vyombo vimekwisha. Nitamtwika dhambi isiyo yake, halafu Mola nimwambie nini? Kwamba nilitaka kazi?”

“Huenda alikuwa nazo mbili,” Khultumu akasema pale dirishani bila kuinua macho. “Watu hao huwa nazo mbili.”

“Kweli,” Bi Swafiya akadakia. “Na hizi simu za bei ya kati siku hizi zapiga picha safi kabisa, hazina tofauti na hizo kubwa. Kila mtu ajua.”

Mnasikia lakini? Mnasikia maneno hayo? Mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Mejumaa akacheka, kicheko kikavu kisicho na raha.

“Bi Swafiya, majuzi simu hizi zilikuwa takataka, hazipigi hata jua. Leo zimefunguka macho? Zilifunguliwa na nani, mganga?”

Mwanamke mmoja akakohoa kuficha kicheko. Bi Swafiya uso ukambadilika. Upole wote ukamtoka akanyakua simu yake, akaitia mikononi mwa Mejumaa kwa nguvu.

“Waleta mzaha? Tazama basi! Tazama mwanangu alivyovuliwa nguo mbele ya ulimwengu, kisha umtetee huyo mwizi wako wa picha!”

Mejumaa alisita. Siku zote alikuwa hajaitazama. Kisha akaitazama.

Arafa alikuwa amekaa jukwaani ameinamisha macho, kama bibi harusi apasavyo. Na ubavuni pake alikuwa Bi Swafiya. Gauni la dhahabu limenyooshwa vizuri. Nywele zimerudishwa nyuma ya sikio ili kipuli kionekane. Mkono mmoja begani mwa bintiye, shingo imevutwa, kidevu juu, meno yote nje, na macho yanamtazama mpiga picha moja kwa moja. Huyo hakuwa mtu aliyeibiwa picha. Alikuwa ameambiwa asimame vizuri, akasimama vizuri.

Mejumaa akainua kichwa akawatazama wanawake wale mmoja mmoja. Huyu alikuwa akitengeneza mtandio ambao haukuharibika. Yule alikuwa akiangalia dari. Na ndipo alipoelewa, na hasira ikampanda mpaka masikioni. Walikuwa wameona! Wote! Tangu picha itoke walikuwa nayo mikononi, wakiivuta ikawa kubwa, wakiirudisha ikawa ndogo, kila mmoja akaliona tabasamu lile, na kila mmoja akaona ni heri atafutwe Mkamba.

“Picha hii haikuibiwa,” Mejumaa akasema. Akaigeuza simu, kioo kikawaelekea watu. “Bi Swafiya, hapa wamchekea nani?”

“Nipe simu yangu.”

“Nitakupa. Ndinda alikuwa jikoni kwenye moshi. Mimi nilikuwa mlangoni ulikoniweka. Huyu uliyemsimamia namna hii, ukamwonyesha na kipuli, ni nani?”

“Nimesema nipe simu yangu, na utoke nyumbani kwangu! Na mlango wa harusi mji huu usikanyage tena!”

“Nishajua,” Mejumaa akasema. “Hilo nilikuja nikilijua.”

Akanyoosha mkono kuirudisha simu, lakini aliyeipokea hakuwa Bi Swafiya. Arafa alikuwa ameinuka. Ile picha aliyoapa hataitazama akaishika karibu na uso, akaitazama kitambo, si upande alipokaa yeye ila upande wa mamake. Dirishani Khultumu alikuwa akiitafuta njia ya kuipeleka simu yake mkobani pasi na kuonekana.

“Mama,” Arafa akasema, “si umeulizwa? Wamchekea nani?”