Benki ya Mama wa Karasha

Mama mwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu pale Rwamgasa huongea kwa kelele hata mashine ikiwa imezimwa, na vumbi halimtoki kwenye kucha. Akipata faida hununua ndama, akamweka kwenye zizi la mtu, huyu kijiji cha Nkome, yule cha Buseresere, ili ugonjwa usiwamalize wote kwa mkupuo. Juzi shilingi ilipoporomoka, shemeji yake Herman alimfuata hadi malishoni kwa jirani anayemtunzia mmoja wa ng'ombe hao.

"Shemeji, uza ng'ombe wote! Pesa tukazifiche benki ya Uswisi. Hapa utafilisika."

Mama akafuta mikono kwenye kitenge, akapaza sauti, "Madoa!"

Katikati ya kundi la jirani ng'ombe mmoja akainua kichwa, akaja mbio, akamlamba vidole.

"Haya shemeji, na wewe ziite za Uswisi."