Udongo Mweupe wa Mama Seka

Ipo siku moja ya kiangazi ninayoikumbuka mpaka leo, mwanangu. Mahindi yalikuwa yameshaingia ghalani, kijiji chote cha Isansa kimejaa vumbi, nami na rafiki yangu Chanda tukaenda kuuharibu ukuta wa shangazi yangu kwa upendo.

Tulikuwa wachora vibao vya maduka Tunduma. Biashara huria ilikuwa imeruhusiwa, maduka yanaota kama uyoga, na kila mwenye duka alitaka jina lake ukutani. Chanda alivuka mpaka kila asubuhi kutoka Nakonde, upande wa Zambia. Yeye alijua kuchora nyuso, mimi nilijua herufi. Kidole kimoja hakivunji chawa, tulipenda kusema, tukajiona tumekamilika. Ah, ujana una maringo yake!

Shangazi alikuwa mjane, na nyumba yake ya udongo ilisiribwa upya kila kiangazi. Wanawake wa jirani walikuja kila mmoja na beseni lake la udongo, huyu mwekundu, yule mweusi, wakasiriba wakiimba mpaka chakula kiive. Tena waliokosana walisimama bega kwa bega ukutani, na udongo ukishakauka ugomvi umekwisha, bila baraza wala kuombana radhi. Mwaka ule shangazi alikuwa amekosana na Mama Seka, shoga yake tangu usichana, kwa sababu ya mbuzi aliyekula miche ya kahawa. Aliingoja siku hiyo kwa hamu.

Sisi hatukuuliza. Tulikuta amekwenda msibani Igamba, tukaona tumwandalie zawadi. Tukaupaka ukuta wa mbele rangi ya mafuta, tukachora wanawake wakubwa, wazuri, mabeseni kichwani. Chanda akausifu mkono wangu, nami nikausifu wake.

Shangazi alirudi jioni, akautazama ukuta, akaingia ndani. Asubuhi wanawake wakaja. Mama Seka alikuwa mbele na udongo wake mweupe, ambao yeye tu ndiye aliyejua unakochimbwa. Mmoja akasema, "Pazuri." Lakini udongo haushiki kwenye rangi ya mafuta, na wote walilijua hilo. Mama Seka akamtazama shangazi kama mtu aliyefungiwa mlango, akageuka na beseni lake kichwani. Wengine wakamfuata.

Shangazi hakupaza sauti. Alitupatia uji kwanza, maana mgeni ni mgeni, ndipo akasema, "Mmetuchora tumebeba udongo, wanangu, na udongo wenyewe mmetunyima."

"Mayo, tulitaka kuwafurahisha," Chanda akajitetea, akimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Mlifurahishana ninyi wawili. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Haya, mimi nimepona nini?"

Tuliukwangua ukuta ule kwa panga mpaka viganja vikatoka malengelenge. Kiangazi kilichofuata tulirudi bila rangi, tukauliza tusimame wapi, tukapewa kazi ya kukanyaga udongo. Sijawahi kufurahi vile tena. Lakini Mama Seka alikuwa ameshahamia kwa mwanawe, kule Mbangala, na hakuaga. Kando ya mlango shangazi aliacha sehemu ya ukuta bila kusiribwa. "Hapo ni pake," alisema. Aliiacha hivyo kila mwaka, mpaka tulipomzika.

Siku hizi pale pana nyumba ya tofali, na wanawake hawakusanyiki tena. Nina hamu nao, mwanangu. Natamani hata ule udongo baridi kati ya vidole vya miguu. Nikipita njia ile macho yangu bado yanaitafuta ile sehemu tupu kando ya mlango.

Sasa nasikia wewe na wenzako mnakwenda kijijini kuchora ukuta wa zahanati. Nimefurahi sana. Ila wasanii kupatana wao kwa wao ni jambo moja, na kupatana na wenye ukuta ni jambo jingine kabisa. Kabla hujafungua kopo la rangi, keti nao, kula wanachokula, uliza ukuta ule una kazi gani kwao na nani anangojwa mbele yake. Wakikuambia ukanyage udongo, vua viatu ukanyage.

Nenda na baraka zangu. Mungu akujalie mkono mwepesi, na akufikishe kwa Mama Seka wako kabla hajageuka na beseni lake kichwani.