Siku Saba Nilizoziita Jana

Kaka yangu alifanya kazi na mwanga kwa zaidi ya miaka ishirini. Watu wa Utende, kijiji chetu cha kisiwani, walipoulizwa anafanya nini Dar es Salaam walisema yuko hospitali, na walikuwa sahihi kwa nusu. Hakutibu mtu. Alisomea fizikia, akaingia kwenye mambo ya leza, na mwisho kazi yake ikawa kuhakikisha kwamba mashine inatoa mwanga kwa kiasi kile kile alichokitaka daktari, usizidi wala usipungue. Mimi niliishia darasa la saba. Ninayoyaandika kuhusu kazi yake ni yale aliyonieleza mwenyewe, na kama nimekosea mahali, kosa ni langu.

Tulipokuwa wadogo bibi yetu alitupeleka pwani maji yakitoka, kutafuta pweza kwenye miamba. Pweza unayemwona majini hayupo pale unapomwona, yuko chini kidogo. Bibi alitufundisha kuchoma chini kidogo, na sisi wengine ilitutosha. Kaka alisimama na mti wake wa kuchomea umezama nusu, anautazama ulivyopinda, mpaka maji yakaanza kujaa.

"Wewe umekuja kutafuta pweza au kulowesha miguu?" bibi akamuuliza.

"Bibi, mti umevunjika, lakini nikiutoa haukuvunjika."

"Basi leo utautia nazi uule."

Tulimcheka njia nzima. Hakukasirika. Nadhani hakutusikia.

Alisoma, akapata ufadhili, akakaa miaka sita nchi ya baridi. Mwanzoni leza yake haikuhusu ugonjwa wowote. Walikuwa wakipima vumbi hewani. Baadaye akaingia kwenye kikundi kilichokuwa kikitengeneza leza ya kupasua mawe ya figo. Uzi mwembamba wa kioo unapitishwa kwenye njia ya mkojo, mwanga unapita ndani ya uzi, na jiwe linapigwa mapigo madogo madogo mpaka linakuwa unga. Aliporudi nyumbani kwa mara ya kwanza alituonyesha kichupa chenye unga huo. Mama alimwambia akitoe kwenye meza ya chakula.

Wengi walimwona mjinga kurudi kabisa. Mimi nilimuuliza. Alisema kule wanaoijua kazi hiyo ni wengi, ila huku mashine inaletwa mpya, ikiharibika inafunikwa shuka. Hospitali aliyoajiriwa alizikuta mbili chini ya shuka. Moja aliifufua. Ilikuwa ya macho.

Siku moja nilimwomba anieleze leza ni nini hasa. Tulikuwa uani, nasuka ukili wa mkeka. Alifikiri kidogo. Mwanga wa taa, alisema, ni kama watu wanaotoka msikitini baada ya swala ya Ijumaa: huyu anatafuta viatu vyake, huyu anakwenda sokoni, huyu amesimama anazungumza. Leza ni watu wale wale wakiwa bado ndani ya swala. Safu zimenyooka, wote wameelekea upande mmoja, wanainama pamoja na kuinuka pamoja. "Watu ni wale wale," alisema, "lakini nguvu yao si ile." Kisha akaniomba nisiende kumwambia maalimu.

Mama alikuwa na kisukari, na kisukari kikaingia machoni. Nyuma ya jicho, kaka alinieleza, mishipa midogo mibovu huota na kuvuja damu. Leza huchoma sehemu za pembeni ili mishipa hiyo inyauke. Uwezo wa kuona uliokwisha kupotea haurudi. Inalindwa ile sehemu iliyobaki. Nilimpeleka mama kwa boti kupitia Nyamisati, mwezi wa Shaabani. Macho yote mawili yalipigwa leza. Asubuhi ile kaka aliipima mashine mwenyewe, akaandika kwenye daftari, akamkabidhi daktari, kisha akatoka nje kwa sababu hakuweza kutazama.

Kabla hatujarudi aliniita pembeni. Alinipa kazi moja.

"Mama akikwambia anaona vitu vyeusi vinaelea, kama masizi, unipigie siku hiyo hiyo. Usisubiri."

"Na kama ni Ramadhani?"

"Nimeshamuuliza sheikh. Matone ya macho anayotiwa hospitali hayafunguzi. Na hata yangefunguza, mgonjwa ana ruhusa. Nipigie tu."

Nilisema sawa.

Tarehe kumi na mbili ya Ramadhani, baada ya alfajiri, mama alisema kuna masizi yanapita kwenye jicho la kushoto. Alisema hivyo bila wasiwasi, kama mtu anayesema kuna moshi jikoni. Siku hiyo bamvua lilikuwa linaanza. Wanaolima mwani wanajua: maji hutoka mbali kwa siku chache tu, kisha unasubiri nusu mwezi. Kamba zangu zilikuwa zimekomaa, na bamvua lililopita nilikuwa nimepoteza nyingi kwa upepo. Nilikuwa nimeshafunga kanga kiunoni.

Mama aliniuliza, "Wakinitia yale matone, funga yangu itakuwaje?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilimwambia, "Tutauliza."

Nimelifikiria neno hilo miaka mingi. Sikusahau jibu. Swali lake lilinifaa, kwa hiyo nililiacha lisimame. Nilikwenda kuvuna, siku ile na zilizofuata, nikaanika, nikafunga viroba. Kila jioni nilimuuliza mama kuhusu masizi, naye akasema yapo, yapo, leo yameongezeka kidogo. Tarehe kumi na tisa aliamka akasema jicho lile limefunikwa pazia. Hapo nilimpigia kaka.

"Yameanza lini?" aliuliza.

"Jana," nilisema.

Tulivuka siku ya pili yake. Daktari wa macho alimtazama mama kwa muda mrefu, akaniuliza tena yameanza lini. Kaka alikuwa amesimama mlangoni. Nikasema jana, halafu nikajisahihisha, juzi, kwa kuwa siku moja ilikuwa imepita. Hata uongo niliuwekea hesabu. Damu ilikuwa imejaa, na utando ulio nyuma ya jicho, ule unaopokea mwanga, ulikuwa umevutwa ukabanduka. Jicho la kushoto halikuokoka. La kulia linaona mpaka leo, kwa kiasi.

Kaka hakunilaumu kwa lolote. Nilikuwa nimepiga simu siku ya pili, kwa alivyojua yeye. Ila tangu hapo kila Idi alipokuja alikaa karibu na mama na kumuuliza mambo yale yale. Siku ile mwanga ulipopigwa, uliuma? La kushoto liliuma zaidi kuliko la kulia? Mama alijibu liliuma. Mwaka mwingine alisema hayakuuma yote. Mimi nilikuwa karibu napakua chakula.

Kaka alifariki asubuhi moja kazini, moyo. Alizikwa jioni ile ile Dar es Salaam. Boti ilikuwa imeshaondoka, kwa hiyo sikuwahi. Tulikaa matanga yetu hapa.

Siku ya tano alikuja mgeni, fundi wa mashine aliyefanya kazi chini ya kaka, mwanamke wa umri wa binti yangu mkubwa. Alimwamkia mama shikamoo, mama akaitikia marahaba, akampapasa uso kama anavyowafanyia wageni.

"Wewe ndiye uliyekuwa ukimnyima mwanangu chai kazini?"

"Mama, yeye ndiye aliyekuwa anatunyima. Haturuhusiwi kuingia na chai kwenye chumba cha leza."

Mama alicheka, mara ya kwanza tangu msiba.

Fundi alitoa daftari kwenye mkoba. Alisema familia wawe nalo kwanza, halafu hospitali wangependa lirudi, kwa sababu wanalitumia kufundishia. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, kaka aliipima mashine mara tatu, ingawa wengine hupima mara moja. Wanafunzi wapya walipouliza kwa nini tatu, aliwaambia kisa. Mama yake mwenyewe alipigwa leza kwa kipimo chake, na wiki chache baadaye jicho likajaa damu na utando ukabanduka ndani ya siku moja au mbili. Haiendi haraka hivyo, aliwaambia, isipokuwa kama mwanga ulizidi. Kwa hiyo asubuhi ile alipima vibaya, na hakujua wapi.

"Na sisi sasa tutawasimulia hivyo hivyo," fundi alisema. "Kwamba hata bingwa alikosea mara moja."

Alinifungulia ukurasa. Namba sikuzielewa. Chini yake mwandiko wake ulisema: Kushoto. Siku moja. Kwa nini?

Nikawaambia, fundi na mama, pale pale mkekani. Masizi yalianza tarehe kumi na mbili, mimi nilipiga simu tarehe kumi na tisa. Nilitaja mwani na yale matone. Sikulia, maana ningelia ingekuwa kama naomba kitu.

Fundi alisema kuwa vipimo vile vitatu viligundua mashine imepotoka mara mbili katika miaka hiyo, na wapo watu waliosalimika. Alisema hivyo kunipoza. Sikuyachukua. Kaka angeweza kupima mara tatu bila kubeba jicho la mama yake.

Mama alikuwa ameinamisha kichwa. "Kumbe ndiyo maana aliuliza," alisema. "Na mimi nikimjibu liliuma. Sikukumbuka hata kama liliuma. Niliona anataka jibu."

Alinyanyuka kwenda kutawadha. Huwa nampa mkono. Nilinyoosha, naye akashika ukuta, akaufuata mpaka mlangoni.

Nilimwomba fundi kalamu. Chini ya swali la kaka niliandika: Hazikuwa siku moja wala mbili. Zilikuwa siku saba. Kipimo chako kilikuwa sahihi. Niliongeza kwamba aliyeandika ni mdogo wake, aliyekuwa akikaa na mama, ili wanafunzi wajue habari imetoka wapi.

Fundi alisubiri wino ukauke ndipo akalifunga daftari.