Vyombo vya Kanali Tullis

Kila masika mji wa Tullis, Alabama, hugundua upya kwamba una historia. Wake za mawakili na za wauza magari huvaa magauni mapana yenye mapete ya waya, wakajipanga kwenye veranda ya jumba la Kanali Tullis, na kuwasimulia wageni habari za mtu ambaye cheo chake alipewa na majirani. Ernestine Bivins, aliyefundisha biolojia mjini humo hadi akastaafu, alizoea kulipita jumba hilo kwa mbali, kama mtu anavyolipita jalala. Mwaka huu alinunua tiketi.

Nyuma ya jumba kuna kichaka cha mierezi. Bibi yake hakuchoka kumwambia kwamba mama mzazi wa bibi huyo, Dicey, amezikwa humo, pamoja na watumwa wengine walioilima pamba ya Kanali bila ujira, na kwamba juu ya kaburi lake waliweka jagi lake la buluu. Sasa Jumuiya ya Urithi ilitaka kichaka kikatwe, pawe maegesho ya mabasi ya wageni. Ernestine alikwenda kupinga mbele ya baraza la mji. Walimsikiliza kwa adabu ile anayopewa mtu ambaye jibu lake limeshaamuliwa. Hakuna mawe, walisema, hakuna majina, basi hakuna makaburi. Lami ingemwagwa baada ya Pasaka.

"Unafuata nini kwa hao?" aliuliza Otha, binamu yake, alipomshusha getini. "Ngazi waliyoijenga wazee wetu halafu wakakatazwa kuipanda?"

"Nataka kuona wanavyoandaa meza."

"Basi usionje kitu. Saladi yao ya kuku haijawahi kukutana na chumvi."

Mlangoni alipokewa na Maribeth Culpepper, mwenyekiti wa jumuiya, gauni likiwa limeziba njia yote.

"Ernestine, kipenzi. Umekuja kuona urithi wetu sote."

"Bi Bivins. Watoto wako wote niliwafundisha, na hilo jina hata yule wa mwisho aliliweza."

Maribeth alicheka kidogo, akawaongoza wageni hadi chumba cha kulia. Mezani palijaa vyombo vilivyoungwa kwa gundi. Akashusha sauti kama aliye kanisani.

"Hivi ndivyo vyombo vya Kanali. Adui wa Kaskazini alipokaribia, familia ilivificha kichakani, askari wakavikuta wakavivunja. Tumeviokota wenyewe, kipande kwa kipande."

Ernestine alitazama. Hapakuwa na sahani mbili zilizofanana. Chupa ya dawa ya kikohozi ilisimamishwa kama ya mvinyo. Katikati palikuwa na jagi la buluu lililotiwa maua ya plastiki, kwa kuwa halikuweza kushika maji: lilikuwa na tundu kwenye kitako. Kikombe kilichokuwa kando yake nacho kilikuwa na tundu. Bakuli pia. Wanawake waliosoma hadi chuo waliviosha vyombo hivi vyote, wala hakuna aliyejiuliza ni askari gani anayesimamisha vita ili atoboe vikombe.

Mtoto yeyote mweusi wa Tullis angewaambia. Mtu akifa, chombo alichokitumia mwisho hutobolewa kikawekwa juu ya kaburi lake, mnyororo wa vifo ukatike, mwingine wa nyumbani asimfuate. Wazungu hawa waliishi ng'ambo ya uzio tangu enzi za Kanali, na hawakuwahi kuangalia.

Sauti aliyoitoa ilikuwa ile ya darasani.

"Mlivikuta vimerundikwa pamoja, Bibi Culpepper?"

"La, kipenzi. Kimoja kimoja, kwa safu nzuri kabisa. Tulipookota kitu tulichomeka kijiti chenye kitambaa chekundu. Sisi hatubahatishi."

"Na vijiti vipo?"

"Vyote. Hata hilo jagi nakumbuka kijiti chake, kipo chini ya mwerezi mkubwa."

Meya, aliyeongoza lile baraza la mji, alikuwa karibu na dirisha, na bilauri yake ya chai, ndani ya koti la kijivu la jeshi la Kusini lililoshindwa. Ernestine aliyatoa maua, akalinyanyua jagi, akamtazama meya kupitia tundu.

"Meya, mliniomba mawe. Huyu amewachomekea vijiti."

Akaeleza kuhusu matundu, taratibu, kama anavyoelezwa mwanafunzi mzito. Wageni waliweka sandwichi zao chini. Meya alianza kufungua vifungo vya koti.

Lami haikumwagwa. Ernestine na Otha walilirudisha jagi chini ya mwerezi mkubwa, na jumuiya, baada ya kugundua historia kwa mara nyingine, ikaingiza makaburi kwenye ziara yake. Maribeth alipiga simu kumwomba awe msimulizi, akiwa amejifunga kilemba na aproni kama watumwa wa Kanali, ili ionekane ya kweli.

"Kilemba nitajifunga siku yako ya maziko, Bibi Culpepper," alisema Ernestine. "Nitakuletea na kikombe."