Wasifu wa Nyambizi na Wasifu wa Mwenyewe

Amefariki mzee wetu wa Takoma Park, hapa Marekani, yule fundi wa mitambo ya kupoza hewa kule Sterling, ambaye wengi mlimkwepa kwenye chai ya kanisani mkiogopa kusimuliwa habari za nyambizi. Tumemzika Jumamosi. Nimerudi na kinyaa ambacho hakijanitoka mpaka leo.

Miaka nenda rudi aliandika historia ya utumishi wa nyambizi moja ya mwanzo kabisa ya jeshi la majini la Uingereza: ilipoundwa, bandari ilizotumikia, ilivyozama mazoezini, ikaibuliwa na kurudishwa kazini. Alinieleza kwamba humo walifugwa panya weupe, maana moshi wa petroli huua kimya kimya, na panya angezimia kabla ya watu. "Mabaharia wakawalisha mkate wao," alisema akicheka, "panya wakanenepa, wakalala fofofo, hujui aliyezimia ni yupi!" Mwenyekiti wa kamati yetu ya misiba akamkatiza: "Lakini mzee, chombo cha Wazungu kinakuhusu nini?" Akajibu taratibu, "Kilikuwa na watu ndani." Daftarini mwake kila baharia alikuwa na mstari wake. Jina la mmoja hakulipata, akauacha mstari mtupu. Nikamwambia ajaze lolote, nani atajua? Alinitazama kama mtu aliyemtemea mate kwenye sahani yake. "Nitajua mimi."

Sasa sikieni tulivyomlipa. Mazishini ukasomwa wasifu wake: alikuwa dereva hodari, ameacha mjane na watoto watatu. Jamani, huyu hakuoa! Hata leseni hakuwa nayo. Kazini alikwenda kwa treni na basi. Dada yake, aliyesafiri kutoka Tanga, aligeuka huku na huku akimtafuta huyo wifi. Ukumbi mzima ukaitikia, "Amina." Ptuu!

Na aliyeuandika ni mimi. Mwenyekiti alinipigia simu: "Si u-copy tu ule wa msiba wa juzi, ubadilishe jina?" Nami ninayejiita mwandishi nikabadilisha jina. Tunasingizia kazi mbili na foleni za barabarani, lakini muda wa kuulizana habari tunao. Tunachokosa ni kuona haya. Usilolijua kuhusu marehemu, liache tupu.

Baada ya maziko nilimfuata dada yake na karatasi, nikamwomba radhi, nikamwomba anieleze ukweli. Akanirudishia karatasi. "Kwanza, kaka, andika unayoyajua wewe."

Niko nayo tangu Jumamosi. Nimepata mistari mitatu, na mmoja ni wa panya.