Majaribio Kumi na Mawili ya Asumpta
Mama Benigna wa kijiji cha Mpitimbi alikuwa amejisajili mara tatu kwa simu kuomba mbegu bora. Mara zote mfumo wa usajili ulimjibu asante, kisha jina lake halikuonekana popote. Alipofika mjini Mfaranyaki, kwenye ofisi ya kampuni yenye mfumo huo, kwa mara ya pili wiki ile, Asumpta alimwamkia, akamtafutia kiti, na akaona aibu kumwambia arudi nyumbani akasubiri tena.

Kazi ya Asumpta ilikuwa kuujaribu mfumo huo. Aliyeutengeneza ni Dastan, mwenye kampuni, na jibu lake halikubadilika: "Mbona kwangu unakubali?"

Kwake ulikubali kweli, kwa sababu kila siku alimsajili mkulima yule yule wa kubuni: analima mahindi, shamba ni lake, kitambulisho anacho, simu mpya. Asumpta alishachoka kulisema hilo. Mfumo ulikuwa na mazao manne, aina tatu za simu, mitandao mitatu, wenye kitambulisho na wasio nacho, wenye shamba na waliokodi. Ukivichanganya vyote unapata wakulima wa namna mia moja arobaini na nne. Dastan akauliza nani ana muda huo.

"Sihitaji wote," Asumpta alimwambia. "Hitilafu nyingi hutokea vitu viwili vikikutana. Nataka kila viwili vikutane angalau mara moja. Majaribio kumi na mawili yanatosha."

Dastan alicheka, akaenda kunywa chai. Asumpta alichora jedwali, akafuta, akachora tena mpaka hakuna jozi iliyokosekana. Jaribio la tisa lilikuwa la mkulima wa soya kwenye shamba la kukodi. Mfumo ukasema asante, lakini jina halikuhifadhiwa. Akabadilisha simu, akabadilisha mtandao. Jina likapotea vile vile. Mama Benigna alilima soya, tena kwenye shamba la kukodi.

Dastan alirekebisha kabla ya saa saba, akasema ni kitu kidogo tu. Asumpta alimpigia simu Mama Benigna, akamwomba ajisajili upya, safari hii jina litakaa.

"Nimeshapanda mbegu zile za zamani, mwanangu," mama alisema taratibu. "Mvua haikunisubiri. Kwani shida ilikuwa nini?"

Asumpta alimtazama Dastan, aliyekuwa akiongeza zao la tano kwenye mfumo bila kumwambia mtu. Akamnyooshea simu.

"Mweleze wewe," alisema.