Siku Lokole Ilipodanganya

Sikuwa mjinga, na sitaki mtu asome habari hii akinihurumia. Nilikuwa mke wa mfanyakazi wa reli, nimebatizwa, nimefunga ndoa kanisani, nakaa mtaa wa Kasuku, kando ya mto, kwenye nyumba ya matofali. Lakini nilikuwa nimezika watoto wawili kabla hawajajua kukaa, na tumboni nilikuwa na wa tatu. Mwanamke wa namna hiyo husikiliza kila anayemwambia kwamba huyu ataishi.

Wakati huo Wabelgiji walikuwa bado wanatutawala, na mtu aliyejiita nabii alifungwa bila maswali mengi. Kwa hiyo nabii wetu alisalisha ng'ambo ya mto, Alunguli, katika kibanda nyuma ya mashamba ya muhogo, na vijana wawili wakilinda njia. Jumapili tulitoka misheni, tukavuka kwa mtumbwi, tukasali mara ya pili. Alikuwa mpole, sauti yake ya chini, hadai hata kuku. Hilo ndilo lililotumaliza. Mlafi tungemjua mara moja.

Tena maneno yake yalitimia. Alisema, "Leo kuna mama humu ambaye kwao Pangi wanalia," na baada ya siku tatu mjumbe alifika na habari ya msiba. Alisema mkaguzi wa kodi yuko njiani, na mkaguzi akaja. Mume wangu, ambaye misheni walimfanya mzee wa kanisa, aliniambia, "Tulifundishwa kwamba neno la nabii wa kweli linatimia. Unataka nini tena?" Sikutaka kitu tena.

Jumapili moja aliweka mkono juu ya tumbo langu, bila kuligusa. "Huyu mutoto ataishi," alisema, "kama ule muzee wa nyumba yako anatoka. Ule njo alikula wale wawili."

Mzee wa nyumba yangu alikuwa mama mkwe, na maana ya nabii ni kwamba yeye ndiye aliyewala wanangu kwa uchawi. Ndiye aliyewaogesha wanangu, ndiye aliyewafumba macho. Nilirudi nyumbani nikamkuta anatwanga sombe, majani ya muhogo, na kwa mara ya kwanza niliitazama mikono yake na kuiogopa. Niliona haya, lakini niliiogopa.

Nilimwambia yote, maana siwezi kukaa na neno moyoni, ndivyo nilivyoumbwa. Hakulia. Aliweka mtwangio chini akauliza, "Habari ya msiba wa Pangi alisema siku gani?"

"Jumapili, mama. Mchana."

"Lokole iliisema alfajiri ile ile. Na ya kodi pia."

Lokole ni gogo lililochongwa uwazi ndani, lenye sauti mbili. Kwa sauti hizo watu wa msitu hupelekeana habari kutoka kijiji hadi kijiji, upesi kuliko miguu yoyote. Misheni walituambia ni mambo ya washenzi, na sisi tuliobatizwa tukaona fahari kutoielewa. Kwangu mimi ilikuwa kelele za asubuhi, kama vyura. Kumbe nabii alikuwa anaamka mapema, anasikiliza, halafu anatuletea habari za mbinguni.

"Mbona hukusema, mama?"

"Mwana wangu alinikataza kusema mambo ya lokole ndani ya nyumba yake. Nikanyamaza."

Wiki hiyo hiyo ndugu mdogo wa mama mkwe alifika kutoka Obokote akiwa na nyama kavu ya kuuza. Mama mkwe alimficha chumbani, halafu akavuka mto kumwona mpigaji lokole wa Alunguli, mzee wa rika lake. Alimwomba mzee yule apige Jumapili alfajiri kwamba ndugu yake wa Obokote amekufa. "Lokole haijadanganya juu ya kifo hata siku moja," aliniambia aliporudi. "Mungu anisamehe." Mume wangu hakuambiwa lolote.

Jumapili mama mkwe alivuka mto pamoja nasi. Nabii alisimama, akafumba macho. "Bwana amenionyesha maiti huko Obokote. Ni ndugu ya ule muzee. Amemula naye."

Watu wakaanza kulia. Mume wangu alijishika kichwa. Hapo mjomba wake akainuka kutoka mlangoni, alipokuwa amejifunika kitambaa, akasema, "Nani amekufa? Mimi niko hapa."

Nilifurahi, nakiri, nikafurahi kwa ubaya wangu wote. Nilimtazama nabii nikasema moyoni, sasa utapita wapi?

Hakubabaika hata kidogo. Alimgeukia mama mkwe, akamwuliza taratibu, "Mama, nani alituma lokole iseme ndugu yako amekufa?"

Hapo nabii alijifunga kwa mdomo wake mwenyewe. Kama habari zake zilitoka mbinguni, lokole aliijulia wapi? Niliwatazama watu nikingoja mmoja aulize. Hakuna aliyeuliza. Wote walikuwa wanamtazama yule bibi, na yeye, ambaye hakujua kusema uongo wa pili, alijibu, "Ni mimi."

"Mmesikia," alisema nabii. "Amemwitia kifo ndugu yake wa tumbo moja. Na mutoto wa tumbo la mwingine atamwacha?"

Ningeweza kusimama. Maneno yalikuwa mdomoni, na watu wote wanajua mdomo wangu haukuwa mzito. Lakini mtoto alicheza tumboni wakati ule, nikashika tumbo kwa mikono miwili, nikabaki nimekaa.

Kesho yake mume wangu alisema mama yake aende Obokote na mjomba, mpaka nijifungue. Nilimfungia mzigo mimi mwenyewe: vitenge viwili, sufuria, chumvi. Alinitazama nikifunga. "Wewe unajua," alisema.

"Ndiyo, mama. Ninajua." Nikakaza fundo.

Mtoto alizaliwa wakati wa mvua, akalia kwa nguvu, akanyonya, akakaa, akatambaa. Watu walivuka mto kuja kumtazama. Mnaona, walisema, neno limetimia, na wakaenda kuwaleta wengine. Mume wangu aliimba kanisani hadi sauti ikamkauka. Nabii hakuhitaji tena kuamka alfajiri, alikuwa na mwanangu. Misheni tulifundishwa kuuliza kama neno la nabii limetimia. Labda walitufundisha pia kuuliza linatupeleka wapi, lakini hilo hatukulishika.

Mama mkwe alituma salamu mara mbili kwa watu waliotoka Obokote, akiuliza arudi lini. Ilikuwa kazi yangu kumwambia mume wangu ukweli ili amfuate mama yake. Kila asubuhi niliamka nikiwa nimeazimia. Halafu nilimgusa mtoto kwenye paji la uso, nikaona hana homa, nikanyamaza siku nyingine.